Ukuta unaoamka umelowa

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Bagamoyo, Mji Mkongwe. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Mvua za masika zimekata karibu mwezi sasa, lakini ukuta wa chumbani kila alfajiri unaamka umelowa, mchana unakauka na kuacha unga mweupe. Nyuma ya kabati kumejaa madoa meusi, kanzu za mume wangu zimeingia koga, godoro linatoa uvundo, na mwanangu wa miaka minne anakohoa usiku. Mwenye nyumba ameahidi kuleta rangi ya mafuta tupake tufunike yote. Jirani ananiambia nichanganye jiki na siki nisugue. Nataka kuisafisha nyumba nzima. Nianzie wapi?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Pole kwa masika, na pole zaidi kwa kikohozi cha mtoto. Nitaanza na yeye. Ukuta umesimama miaka mingi, utasubiri.

Usiku wa leo asilale chumba hicho. Mhamishie chumba cha pili, kitanda ukisogeze mbali na ukuta, na kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya asikilizwe kifua. Mweleze daktari kuwa nyumba imeingia koga, usingoje akuulize. Koga hutoa vumbi jepesi mno lisiloonekana kwa macho, na mtoto mwenye pumu au mzio akilivuta usiku kucha hukohoa. Siku utakayosugua, apelekwe kwa bibi yake ashinde huko. Na liko jambo ambalo ni zito kuwaambia watu wa pwani, lakini nalisema: udi na ubani uviweke kando kwa sasa. Najua nyumba ikiwa na uvundo mkono unakwenda wenyewe kwenye chetezo. Ila moshi ni moshi, na kifua cha mtoto hakitofautishi moshi wa ubani na moshi wa kuni. Nyumba ikishakuwa safi na kikohozi kikishakwisha, fukiza utakavyo.

Jiki na siki, hapana. Usichanganye kamwe. Jiki ikikutana na tindikali, iwe siki, ndimu, au zile dawa kali za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza macho na mapafu. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine mbaya vilevile, na amonia imo hata kwenye mkojo uliokaa, kwa hiyo godoro alilokojolea mtoto usilimwagie jiki. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha sayansi kimu hapa Tanga nilikuwa nasafisha bafu la nyumba niliyopanga. Nilimwaga dawa ya choo, sikuisuuza, nikafuatisha jiki. Bafu lilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa kiganja. Nilitoka nimejishika ukutani, macho yanachuruzika, na kifua kilinibana siku nne. Tangu mwaka ule hakuna mwanafunzi aliyepita darasani kwangu bila kuliandika hilo kwenye daftari lake.

Sasa ukuta. Umeniandikia kwamba mvua zimekata karibu mwezi, na bado ukuta unaamka umelowa kisha mchana unakauka. Wengi wangekwambia bati linavuja. Lingekuwa bati, ukuta ungelowa siku ya mvua na kukauka siku za jua. Ukuta unaofuata saa, alfajiri maji, saa saba mchana mkavu, huo una chumvi.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Mawe hayo yana asili ya bahari, na chumvi inayo njia nyingi za kuyafikia. Tena maji ya ardhini hupanda ukutani kidogo kidogo, kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate ulichochovya ncha tu, na yanapopanda huja na chumvi zaidi. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ndiyo huo unga mweupe. Na chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka. Litazame kopo la chumvi jikoni kwako mwezi wa Mei, linavyotota bila mtu kulitia maji. Bagamoyo hewa ya usiku hupita kiwango hicho kwa urahisi, hasa kuelekea alfajiri, na ukuta wako hufanya kama kopo lile. Jua likipanda, chumvi inaganda tena. Kila ikiganda, chembe zake hukua ndani ya vitundu vya plasta na kuisukuma. Siku baada ya siku plasta inalegea, ukiigusa inamwagika kama pumba.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Kata kipande cha nailoni safi, upana wa kama sentimita 40 kila upande. Futa chumvi kwa brashi kavu mahali hapo, bandika nailoni ukutani, kingo zote nne uzizibe kwa utepe wa gundi, isipite hewa. Iache siku mbili, kisha itazame alfajiri. Ukikuta matone upande wa ndani, baina ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta chini ya nailoni pakavu na ukuta unaoizunguka umelowa, maji yanatoka hewani na chumvi ndiyo inayoyaita. Fanya mahali pawili, kwanza chini karibu na sakafu, pili kimo cha kifua, kwa sababu mara nyingi chini unapata jibu moja na juu jingine.

Wakati nailoni inasubiri, toka nje uzunguke nyumba, na uzunguke polepole. Tafuta mahali udongo, takataka au mchanga wa ujenzi umerundikwa ukutani mpaka ukapita kimo cha sakafu yako ya ndani. Hapo maji ya mvua yamepewa njia. Tazama mfereji wa bati unamwagia wapi: ukimwaga mguuni mwa ukuta, masika nzima umeunywesha. Tazama bomba la uani, chini ya koki kama pana ukijani. Tazama kama baraza imeinamia nyumbani badala ya kuinamia barabarani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa chokaa hapo hapo Bagamoyo, na alikuwa hakubali kushika mwiko kabla hajaomba jembe. Kuondoa udongo uliorundikana, kimo cha shibiri mbili kushuka chini ya sakafu, na kuuchimbia maji mtaro wa kuyapeleka mbali, ni kazi ya siku moja ya vijana wawili, na inafanya zaidi ya ndoo tano za rangi.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye unga mweupe. Usiuoshe kwa maji. Hili watu wengi hukosea kwa nia njema: wanachukua tambara lenye maji, wanafuta, ukuta unang'aa, na chumvi yote imeyeyuka na kurudi ndani. Usugue ukiwa mkavu, saa saba au saa nane mchana, kwa brashi ngumu ya nyuzi au hata kumbi la nazi, lakini isiwe brashi ya waya kwa maana itang'oa na plasta nzima. Tandika magazeti chini, funga pua na mdomo kwa barakoa, anza juu ushuke. Kinachoanguka kikusanye chote ukakitupe mbali, kisibaki mguuni mwa ukuta. Wiki ya kwanza utakusanya nyingi. Wiki ya pili itatoka tena, usivunjike moyo, ndiyo inavyotoka. Fanya hivyo kila wiki kipupwe chote, Juni hadi Agosti.

Na rangi ya mafuta? Mwanangu, nakuomba umzuie mwenye nyumba kwa adabu zote ulizofundishwa, lakini umzuie. Rangi ya mafuta ni ngozi isiyopumua. Maji yaliyomo ukutani hayatapotea kwa kufunikwa, yatatafuta pa kutokea, yatapanda juu zaidi ya hapo yalipo sasa, na chumvi itaganda nyuma ya rangi na kuibandua kwa mabaka. Chumba cha mama yangu nilikipaka mimi kwa fedha yangu, rangi ya mafuta ya kijani kibichi, nikiona namtendea wema. Ilikuwa mwezi wa Juni. Kabla ya masika yaliyofuata ilikuwa imetunga malengelenge, ukiyabonyeza kwa kidole yanapasuka na ndani mna chumvi yenye maji. Tulipoikwangua ilitoka na plasta, tukaanza upya kwa gharama mara mbili. Plasta ya saruji nayo ni vivyo hivyo kwenye ukuta wa matumbawe: ngumu, nzito, haipitishi unyevu, ukuta unabaki umefungiwa maji yake.

Ukuta wa chokaa unataka chokaa. Nenda kwenye magofu ya Kaole, si mbali na kwako, utazame kuta za msikiti wa karne ya 13: matumbawe na chokaa, mvua na upepo wa bahari miaka mamia. Chokaa ina vitundu vinavyopitisha unyevu utoke. Pia ikiwa mbichi ni kali sana, koga haiwezi kuishi ndani yake. Na plasta ya chokaa hukubali kuliwa yenyewe ili jiwe lisiliwe: chumvi inaibomoa, baada ya miaka unaitoa na kuweka nyingine, jiwe limesalimika. Palipomomonyoka pazibwe kwa chokaa sehemu moja na mchanga wa mtoni uliooshwa sehemu tatu, mikono (yaani matabaka) myembamba, kila mmoja ukae kwanza. Mchanga wa pwani usiruhusu uingie mlangoni. Halafu juu yake kupiga chokaa: ikorogwe iwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa kitambaa, ukuta uloweshwe kidogo tu mahali unapopaka, na upigwe mikono mitatu hadi mitano. Mkono wa kwanza utauona kama maji, utadhani umedanganywa. Ngoja kesho yake, ndipo weupe unapotokea. Mafundi wengine hutia chumvi kwenye chokaa ili ishike. Kwenye ukuta kama wako, wakataze. Na anayepaka avae glavu na miwani, maana chokaa ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Ikitokea, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka mfululizo, kisha hospitali.

Mwambie mwenye nyumba kwamba chokaa ni rahisi kwa bei kuliko rangi ya mafuta. Hilo huwa linasikika. Na kama nyumba ni ya kale kweli, kabla fundi hajabomoa plasta kubwa waulizwe watu wa Mambo ya Kale waliopo hapo Bagamoyo, wao wanazijua nyumba hizo.

Ila chokaa haipigwi wiki hii. Ukuta wa mawe uliolowa hadi ndani hukauka polepole mno. Hesabu ya mafundi ni kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na kuta zenu nyingi zina unene wa nusu mita. Kipupwe peke yake hakitoshi kuukausha wote, kitakausha uso wake, nao uso ukikauka chokaa inashika.

Kinachoukausha ni upepo, na upepo una saa zake. Wengi wetu tunafungua madirisha alfajiri tukapate hewa safi, na kumbe ndiyo saa ambayo hewa ina maji kuliko zote. Fungua saa nne asubuhi, mbele na nyuma, upepo wa kusi upite kati mpaka uani, halafu funga saa kumi jioni. Siku ya mvua usifungue chumba hicho kabisa. Nguo zilizofuliwa zisianikwe ndani, na ukipika, mvuke utokee uani.

Kabati lisogee kutoka ukutani shibiri moja kamili. Kabati likibanana na ukuta, hewa haipiti, na hapo ndipo madoa meusi yalipoota. Madoa hayo ya ukutani yafute kwa tambara lenye maji ya sabuni ulilolikamua sana, likiwa karibu kavu, ugeuze upande kila mara, na tambara ulitupe. Usipige jiki kwenye ukuta huo. Jiki ikishafanya kazi yake hubakiza maji na chumvi, na wewe chumvi unayo ya kutosha. Jiki iweke kwa vitu visivyonyonya: vigae, sinki, ndoo, vyombo vya plastiki. Kikombe kimoja cha chai kwa maji lita 4, baada ya kuosha kwa sabuni kwanza na kuisuuza sabuni yote, iache dakika kumi, suuza. Mlango wazi, glavu mkononi. Mgongo wa kabati, kama ni mbao halisi, ufute kwa sabuni ukauke juani. Kama ni ile mbao ya kubandikwa na imevimba, haitengenezeki, ing'oe uweke nyingine.

Ukishalisogeza kabati, inua macho juu. Boriti zinapoingia ukutani ndipo zinapoanza kuoza, na hapo ndipo mchwa wanapopenda. Chukua bisibisi uchome taratibu karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye papai, hama chumba na umwite mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Kanzu usizitie majini moja kwa moja. Zitoe nje kwanza, zikung'utwe na kupigwa brashi upande wa chini ya upepo, la sivyo koga ya kanzu moja unaigawia zote kwenye beseni. Kisha fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia. Doa lililobaki kwenye pamba nyeupe, paka ndimu na chumvi, anika juani mpaka likauke, suuza, rudia. Mama zetu walifanya hivyo na linatoka, ingawa doa la mwaka jana litabaki kivuli. Ukitaka kutumia jiki kwenye kanzu nyeupe ya pamba, ndimu iwe imesuuzwa yote kwanza, kwa sababu ile niliyokueleza. Hariri na sufu usiziguse kwa jiki. Wala usipige pasi kabla doa halijatoka, joto hulikomaza.

Godoro liegemezwe kwenye viti viwili uani, lisilale chini, kuanzia saa nne hadi saa tisa, siku tatu mfululizo, ukiligeuza. Ni la sufi? Basi fungua mfuko, ichambue sufi kwa mkono, itandaze kwenye jamvi juani, mfuko ufuliwe. Ni la sponji? Libonyeze na ulichunguze ndani ya kava. Kama madoa meusi yameingia kwenye sponji yenyewe, sitakuficha, halitakasiki, na mtoto anayekohoa asilalie hilo tena. Najua bei ya godoro. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua godoro la mtoto na chokaa isubiri. Chaga za kitanda nazo zitoke zikae juani.

Jikoni fungua kila kopo. Mahindi, unga na karanga zilizoota koga zitupwe, zisipepetwe wala kuanikwa upya, na zisipewe kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na koga hiyo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na chakula chao kilikuwa kimepikwa kama chetu.

Na uani geuza kila kinachoshika maji: vifuu, matairi, makopo, sahani za maua. Mwaka 2019 homa ya dengi ilitupiga hapa Tanga na Dar es Salaam, na mbu wake anataga kwenye maji machache masafi ya nyumbani. Kumwaga maji peke yake hakutoshi: mayai hunata kwenye kuta za chombo na hukaa makavu miezi yakingoja mvua. Pipa na madumu yasuguliwe ndani kwa brashi, kisha yafunikwe.

Mwezi wa Agosti rudia ile nailoni, mahali palepale. Ikitoka kavu pande zote mbili siku mbili mfululizo, mwite fundi apige chokaa mwezi wa Septemba, ikae kabla vuli haijaingia Oktoba. Ikitoka na matone kwa ndani, usipake kitu, kuna maji ambayo hatujayapata bado. Niandikie umeona matone upande gani na kimo gani kutoka sakafuni, na mtoto anaendeleaje.